Tupeane uzoefu: Barua za askari kutoka vitani kwenda kwa wazazi, zilisema nini na nani alizisoma?

Kiomboi_Stendi:

Habari zenu wakuu.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunarudishwa kwenye Vita ya Kagera, Tanzania na Uganda ya Idi Amin: daraja la Kyaka lilivyovunjwa, Mutukula, Masaka, hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978 hata watoto wa juzi wanaighani: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Sawa. Ila vijijini vita ile iliingia kwa milango miwili, redio na bahasha. Ya redio yamesemwa sana. Za bahasha zinaoza kwenye masanduku ya bati, na wazee waliozipokea wanatutoka mmoja mmoja.

Kwa hiyo naomba tukusanye. Kama kwenu kuna aliyekuwa vitani, vita yoyote, akaandika nyumbani kwa wazazi, tuambie aliandika nini, nani aliisoma, na wazee waliipokeaje. Majina ya watu tuyaache.

Naanza na kwetu. Baba yangu mdogo alikuwa JWTZ. Barua zake zilikuja kwa mkono wa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, kwa sababu kijijini nani alikuwa na sanduku la posta. Mwalimu akimaliza vipindi anamtuma mtoto: nenda kamwambie mzee kuna barua. Babu na bibi wote wawili hawakujua kusoma. Basi bibi akawa na utaratibu wake. Anasomewa na mwalimu. Halafu barua ileile anaikunja, anampelekea katekista, anamwambia nisomee, kana kwamba ndiyo kwanza imefika. Jioni anamwita mtoto wa balozi wa nyumba kumi, naye asome. Wakitofautiana hata neno moja anarudi kwa mwalimu kuuliza. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alijua tu kwamba watu wazima wanamhurumia mama wa askari, na mwenye huruma huruka mistari. Mtoto wa balozi alikuwa hajui kuruka, ndiyo maana akawekwa wa mwisho.

Hii hapa moja nimeinakili kama ilivyo, ya Machi 1979:

"Baba na mama wapendwa, salamu nyingi ziwafikie hapo mlipo. Madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali zenu. Ama kuhusu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Hapa tulipo siruhusiwi kupataja. Ila baba elewa kwamba watu wa huku ugali si chakula chao. Asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni ndizi. Migomba imefunga hadi jua halifiki chini. Yule mtamba msimuuze hata mkibanwa vipi, nitatuma mani oda. Mama asifunge kula kwa ajili yangu, nasikia amefunga. Aliyemwambia habari za vita amuulize na yeye alikuwepo?"

Mwalimu aliposoma pale kwenye ndizi, babu akasema, "Huyu keshavuka mpaka." Usiku ule redio ya Katibu Kata ikazungukwa na watu, saa mbili taarifa ya habari, na Masaka ilikuwa imeshachukuliwa tangu Februari. Sisi watu wa mtama na uwele, ndizi kutwa mara tatu ilitosha kuwa ramani.

Kuna nyingine ilikuja Mei. Mwalimu akasoma: mzima wa afya, hofu ni kwenu, kila kitu kiko vizuri. Bibi akaomba aishike. Akaigeuza, akaiangalia weee, akasema, "Hii hakuandika mwanangu. Maandishi yake yanalalia huku, haya yanalalia kule." Mama asiyejua a wala be! Mwalimu akachukua ya zamani wakazilinganisha, kweli, mkono ni mwingine. Nyumba haikulala. Ikabidi mwalimu aandike kuuliza, na jibu lilichukua karibu mwezi: mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, alimtamkia mwenzake akaandika. Vidole viwili havikunjuki mpaka leo.

Karibuni.

Chuma_cha_Pua:

Weka picha mkuu. Bila picha hizi ni hadithi za kijiweni.

Kiomboi_Stendi:

Baba mdogo yupo hai na nimemuuliza. Kasema ya Machi niweke upande mmoja tu. Upande wa pili kuna binti kamtaja, na huyo binti siku hizi ni bibi wa watu hapohapo Kiomboi, na si bibi wa kwetu. Subiri nipate kibali cha mama mdogo kwanza.

Mgambo_wa_78:

Vijana, mimi niliandika hizo barua, basi sikilizeni kutoka kwa mwenyewe.

Nilichukuliwa mgambo kutoka Mara. Tulifunzwa harakaharaka, tukaingizwa brigedi ya 201. Watu wanauliza kwa nini kila barua ya askari ni "mimi mzima wa afya". Wengine wanasema tulikuwa tunadanganya, wengine wanasema wakubwa walikuwa wanazikagua. Kukaguliwa kulikuwepo, huwezi kuacha vijana waandike kikosi kiko wapi na kina nini. Lakini hata pasingekaguliwa, ungeandika nini?

Usiku wa Machi 10, 1979 pale Lukaya, barabara inapita kwenye kinamasi, maji kulia na kushoto. Walibya na watu wa Amin walikuja na vifaru na maroketi. Wengi wetu tulikuwa mgambo, roketi namna ile hatujawahi kuziona. Tulitawanyika. Naandika hivyohivyo, tulitawanyika, tukaingia kwenye matete. Brigedi ya 208 ikazungushwa usiku ule, alfajiri ikawapiga adui kutoka upande wasioutegemea, nasi tukakusanywa tukarudi mchezoni. Kufika jioni mahali pakawa petu. Sasa hayo umwandikie mama yako mzazi? Kwamba ulilala ndani ya matete maji kifuani, na asubuhi hujui nani yupo nani hayupo?

Niliandika hivi, nakumbuka mpaka leo: "Mvua ilitunyeshea lakini tumeanika nguo zimekauka." Basi. Na kweli tulianika nguo.

Ila baba yangu hakuwa mtu wa kufichwa. Yeye alikuwa Keya, yaani KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, alikwenda Bama (Burma) vita vya Hitla. Mdogo wangu wa darasa la saba ndiye alikuwa mwandishi wake. Barua yake ya kwanza kwangu ilikuwa na salamu za ukoo mzima, nusu ukurasa, halafu swali moja peke yake kwenye mstari wake: "Je, mnachimba?"

Wenzangu walicheka, wakadhani mzee anauliza habari za dhahabu, maana kwetu ndiko Buhemba. Mimi nilielewa. Alitaka kujua kama tukisimama mahali tunachimba mahandaki au tunalala juu ya ardhi kama ng'ombe. Nikamjibu: "Baba, tunachimba kila tunaposimama." Iliyofuata hakuuliza tena, akasema soksi mbichi nisilale nazo, nizifunge tumboni zikauke kwa joto la mwili. Mama alisomewa barua zote hizo na hakujua kwamba tumeongea vita.

Mjukuu_wa_Keya:

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ya soksi imenitoa machozi na kicheko, kwa maana babu yangu naye alikuwa nayo hadi uzeeni.

Mimi ni wa Machakos. Babu alijiunga na Keya akapelekwa Seiloni (Sri Lanka ya leo), halafu Bama na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walishuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua za masika za kule, malaria na matope, mpaka wakafika mto Chindwin pale Kalewa Desemba hiyo. Barua zilizobaki ni chache, nyanya alizihifadhi ndani ya kibuyu kilichopasuka, zimekuwa rangi ya chai.

Ziliandikwa kwa Kiswahili cha jeshi, kile cha amri, wakati nyumbani watu walijua Kikamba tu. Basi barua inakuja hadi kwa DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, kutoka huko inaenda kwa chifu, kwa chifu inaenda kwa mwalimu wa misheni, naye anaisoma kwa Kiswahili moyoni na kuisema kwa Kikamba mdomoni. Hesabu wewe mwenyewe ni watu wangapi wameshaishika kabla mama hajaisikia.

Moja ina shimo. Mstari unasema "sasa tumefika" halafu pana dirisha lililokatwa vizuri kwa makasi, halafu "kuna mto mkubwa sana kuupita Athi." Mkaguzi alikata jina la mahali na kuacha mto! Na kwa sababu karatasi iliandikwa pande zote mbili, yale makasi yalikata pia kitu upande wa nyuma, katikati ya salamu kwa dada yake. Yule dada alikufa akiwa mzee sana, na kila tukizitoa barua alikuwa anauliza lile neno langu alilokata mzungu lilikuwa lipi.

Lakini kitu nilitaka kueleza ni ng'ombe. Barua zote za babu, zote, zinauliza ng'ombe. Wamebaki wangapi, nani anawachunga, serikali imekuja tena? Vijana wa siku hizi watasema huyu mzee alipenda mifugo kuliko watu. Wasilojua ni kwamba mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilichukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu ikawauza kwa bei ya kutupa, ikisema wamezidi ardhi. Ndipo Muindi Mbingu akaongoza watu kwa maelfu kwenda Nairobi, wakakaa Kariokor wakikataa kurudi hadi Gavana awasikize. Baba yake babu alikuwa kati ya waliokwenda. Miaka michache baadaye serikali hiyohiyo inamwambia kijana njoo utupiganie. Akaenda, mshahara ulikuwa mzuri. Lakini akiwa ng'ambo ya bahari, kichwani anahesabu ng'ombe. Jibu la baba yake limo pia kwenye kibuyu, liliandikwa na yule mwalimu: "Wapo wote. Wewe hesabu siku zako, hawa nitahesabu mimi."

Dada_wa_Kikosi:

Sisi wa kizazi hiki hatuna karatasi. Kaka yangu alikuwa kwenye kikosi cha kulinda amani Kongo. Ilikuwa meseji na sauti za kurekodi, mtandao ukipatikana. Mama hana habari na "hofu ni kwenu", yeye alikuwa anaangalia saa ya mwisho kaka kuonekana hewani. Desemba 2017 taarifa zilipokuja kwamba askari wetu wameshambuliwa kule Beni, mama alishika simu usiku kucha anaangalia tiki. Moja. Moja. Moja. Asubuhi zikawa mbili, hazijawa za bluu, na mama akaenda kuoga.

Ile simu ilikuja kuibiwa kwenye daladala na sauti zote zikaenda nayo.

Mwana_wa_Makunduchi:

Assalaam aleykum. Hii ya kwetu ni nzito kidogo.

Ami yangu alikwenda vitani kutoka Unguja. Mzee wetu, yaani baba yake, alikuwa hajui herufi za kirumi, lakini chuoni, yaani madrasa, alisoma, na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alikisoma kama maji. Basi ami akimwandikia kwa herufi hizo ili mzee asome mwenyewe bila kupita kwa mtu. Sasa fikirini, upo vitani, upande wa pili wapo Walibya, na wewe unakaa chini ya mti unaandika kutoka kulia kwenda kushoto. Aliitwa. Mkubwa wake akamwambia isome kwa sauti. Akaisoma: salamu, mikarafuu, mahari ya dada. Mkubwa akasema nitajuaje kama ndivyo ilivyoandikwa? Akatafutwa kijana wa Tanga aliyesoma chuo, akapewa peke yake, akasoma, yakawa yaleyale. Tokea siku hiyo akaachiwa aandike, na yeye na yule wa Tanga wakawa chanda na pete.

Ami hakurudi. Habari ya kifo ililetwa na watu wa jeshi, na kaburi lake lipo Kaboya, Muleba, pamoja na wenzake. Msiba ukakaliwa, khitma ikasomwa. Baada ya arubaini ikafika barua iliyoandikwa kabla. Bibi hakutaka ifunguliwe. Mzee akasema mtu hawezi kunyamazishwa kwa sababu kafa, akaivunja, akasoma peke yake barazani. Ilikuwa barua ya kawaida, ila mwisho kaandika kwamba amemkopa mwenzake wa Tanga shilingi thelathini za kununulia saa, atalipa mwisho wa mwezi.

Mzee hakulia kwenye tanzia, alilia hapo. Deni la maiti, nyote mnajua. Bibi akasema saa yenyewe hatujaletewa. Mzee akajibu saa si hoja, hoja ni kwamba mtoto kalala na deni.

Basi akaenda. Akavuka Dar es Salaam, akaenda kikosini na ile barua, na pale hakuna aliyeweza kuisoma, ikabidi awasomee mwenyewe. Wakamwambia huyo kijana bado yuko Uganda. Akarudi. Mwaka uliofuata akaenda tena, akampata nyumbani kwao Lushoto, amekuja likizo. Yule kijana alipoelezwa akasema mzee mimi nilishamsamehe siku ileile. Mzee akamwambia Mungu akulipe, lakini niitie watu wawili useme mbele yao. Wakaitwa jirani na imamu. Akasema mbele yao kwamba hamdai. Mzee akapokea mkono, akala chakula, akalala, asubuhi akashuka mlima. Zile shilingi thelathini alizokwenda nazo akazitoa sadaka msikiti wa palepale kwa jina la ami.

Mgambo_wa_78:

Inna lillahi. Kukopeshana kulikuwa kila siku, na kila mtu alikuwa na orodha kichwani. Sisi wengine tulikuwa tunaandika madeni nyuma ya kitambulisho. Mzee wenu aliijua kazi ya baba.

West_Nile_Original:

Jamani na mimi niseme, ingawa kwetu ni upande ule mwingine. Mimi ni wa Arua, Uganda. Kaka wa mama alikuwa jeshi la Amin, aliingia akiwa kijana kwa sababu ajira nyingine kwetu ilikuwa hakuna, si kwamba alipenda kwenda kuvuka mto Kagera.

Jeshi la Uganda lugha yake ilikuwa Kiswahili, na mjomba hakujua kuandika Kilugbara, shule yenyewe aliikimbia. Akaandika Kiswahili. Nyumbani hakuna anayekijua isipokuwa mama mmoja Mnubi aliyeuza maandazi sokoni. Huyo ndiye alikuwa posta, ndiye mkalimani. Nyanya alikuwa analipa kwa kununua maandazi. Na mjomba naye, nawahakikishia, alianza barua zake kwa "mimi mzima, hofu ni kwenu". Nilipoona ya Kiomboi hapo juu nilisoma mara mbili nikadhani ni ya kwetu.

Hatuna hata moja leo. Serikali ilipoanguka 1979, kuonekana na kitu chochote cha jeshi la zamani ilikuwa hatari, na 1980 watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu. Nyanya alizichoma zote kabla ya kuondoka, na picha ya mjomba akiwa na sare. Mama yangu alikuwa msichana, anakumbuka kwamba nyanya aliita yule mama wa maandazi kwanza, akasomewa zote upya kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, halafu ndipo akawasha moto. Mambo ya ndani ya barua hizo mama yangu anayajua kwa Kilugbara, kwa moyo. Nimemrekodi kwenye simu, na baada ya kusoma ya Dada hapo juu nimeshaweka nakala kwa ndugu wawili.

Chuma_cha_Pua:

Nafuta ile comenti yangu ya picha. Swali kwa wanaojua: sisi tunazo za babu, alikuwa Kagera pia, mikunjo inaachana na wino umeanza kupotea. Tufanyeje?

Mtunza_Makabrasha:

Nimefanya kazi ya kumbukumbu muda mrefu, nitakujibu kwa kifupi. Selotepu usiguse kabisa, gundi yake inageuka kahawia na kula karatasi. Usiweke kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu unyevu unabaki ndani, hasa kama uko Pwani au Kagera. Zinyooshe taratibu, weka kila moja ndani ya karatasi nyeupe safi, halafu kwenye boksi, mbali na jua na jikoni. Usiandike juu yake kwa kalamu ya wino, tumia penseli, tena pembeni.

Piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirishani, flashi zima. Bahasha nayo ipigwe, watu wanazitupa na huo ndio ujinga mkubwa, kwa sababu barua ya vitani mara nyingi haina mahali wala tarehe ya kuaminika, muhuri wa posta ndio unaosema. Ukitaka zitunzwe na wataalamu, kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na ndugu wa Machakos wanayo yao Nairobi, Moi Avenue. Kabla hujakabidhi chochote hakikisha umebaki na picha na ndugu wote wamekubali.

Chuma_cha_Pua:

Na kama nyingine shangazi alishazipeleka kwenye laminesheni?

Mtunza_Makabrasha:

Hizo ziache zilivyo. Usijaribu kuibandua, utang'oa na maandishi. Zipige picha leo, na shangazi mpokonye zilizobaki.